Green Hills of Africa, Ikisomwa Kutoka Korogwe

Mgeni anayepanga kuja Tanzania kuangalia wanyama hapangi kuja Korogwe. Anapita tu. Basi la Arusha linasimama dakika chache, watu wanashuka kujisaidia na kununua cha kutafuna njiani, wauza machungwa wanainua vikapu hadi dirishani, dereva anapiga honi, basi limeondoka. Mara mojamoja unaona ndani yake vijana wawili watatu wa Kizungu wamevaa nguo za rangi ya vumbi hata kabla vumbi lenyewe halijawafikia. Wameshapanga kila kitu: siku ngapi Serengeti, usiku mmoja Ngorongoro, kisha Zanzibar kupumzika. Sisi ni mahali pa kununua chungwa.

Ndiyo maana nilipofika sehemu ya mwisho ya Green Hills of Africa na kukutana na jina Handeni, nilirudi nyuma nikaisoma sentensi ile tena. Handeni hii hii? Ndiyo, hii hii. Kibaya ipo, Kijungu ipo, na Handeni inatajwa kama mahali pa kupita kuelekea Tanga na bahari. Kumbe safari ya uwindaji iliyoandikwa na kusomwa kuliko karibu zote za nchi hii haikufikia kilele chake Serengeti. Ilifikia huku kwetu, kwenye njia ya kutoka Umasaini kuja Handeni. Ukitoka Korogwe kwenda Handeni mjini ni kama kilomita 65 za lami. Basi Ernest Hemingway ni jirani, na jirani ana haki ya kusomwa kwa jicho la jirani.

Kila mwaka kiangazi kikikaribia, mitandaoni husambaa orodha za vitabu vya kusoma kabla ya kwenda mbugani, na kitabu hiki hakikosekani. Watu wanakipendekeza kama wanavyopendekeza kofia na dawa ya mbu. Swali langu leo ni dogo ila lina uzito: ni kitabu cha kumpa mtu anayepanga safari? Na sisi wenye njia, tukikisoma, tunapata nini humo?

Mpango wa safari, mpango wa kitabu

Kwanza tumpe haki yake. Kitabu kilitoka mwaka 1935. Kinasimulia safari ya miezi michache, kuanzia Desemba 1933, Hemingway aliposhuka Mombasa na mke wake Pauline na rafiki yao Charles Thompson. Fedha haikutoka mfukoni mwake. Mjomba tajiri wa Pauline alitoa dola 25,000, wakati Marekani yenyewe ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi na watu wanapanga foleni ya mkate. Kiongozi wao alikuwa Philip Percival, mwindaji mkongwe mwenye shamba upande wa Machakos, ambaye ndani ya kitabu anaitwa Pop. Thompson anaitwa Karl. Katikati ya safari Hemingway aliugua kuhara damu kwa amiba, ikabidi apelekwe Nairobi kwa ndege. Alipopona akarudi, wakazunguka pande za Manyara, Babati na Kondoa, kisha wakaelekea mashariki kumtafuta tandala.

Sasa angalia alivyokipanga. Kina sehemu nne, na hakianzi mwanzo. Kinaanza karibu na mwisho. Watu wamejibanza kwenye kibanda cha kuvizia, mahali ambapo tandala huja kulamba chumvi, jioni inaingia, siku zimebaki chache. Mara linasikika lori bovu barabarani, linagongagonga vyuma, na uwindaji wa siku ile umekwisha. Tandala gani atakuja na kelele zile? Baada ya hapo ndipo tunarudishwa nyuma, tunaambiwa walikotoka, kisha tunaletwa tena pale pale kwenye chumvi, safari hii tukiwa na haraka ileile waliyonayo wao.

Huu ni ufundi wa kweli, na nadhani siri yake ni kwamba mpango wa hadithi ameuchukua kutoka kwenye mpango wa safari. Mtu yeyote aliyewahi kupanga safari ya porini anajua vitu vinavyoiendesha: mvua, kibali na fedha. Kibali kinasema mnyama gani na wangapi. Fedha inasema siku ngapi. Mvua haisemi kitu, inakuja tu na kufunga barabara. Hemingway yuko Februari, masika iko nyuma ya kilima, na kila ukurasa anahesabu: zimebaki tatu, zimebaki mbili. Leo mgeni anaambiwa aje Juni hadi Oktoba nyasi zikiwa fupi na njia zikipitika, aepuke Machi hadi Mei. Ni hesabu ileile. Sisi wa huku tunaijua kwa mahindi: mvua ikichelewa wiki mbili roho inakaa juu. Kwa hiyo wasiwasi wa kitabu hiki haukunipita pembeni. Niliuelewa kwa tumbo kabla ya kuuelewa kwa kichwa.

Jambo jingine ninalolipenda ni kwamba hajipambi. Anamwonea Karl wivu hadi unaona aibu kwa niaba yake. Anampata tandala wake baada ya mateso yote yale, madume mawili kwa mpigo, anarudi kambini amejaa furaha, anakuta Karl amempata mwenye pembe kubwa zaidi. Mwandishi mwingine angelificha. Yeye analiweka mezani. Na karibu na mwisho anampiga palahala dume, hampigi vizuri, mnyama anakimbia na jeraha, wanamtafuta kwenye jua hadi wanachoka, hawampati. Kurasa zile ni nzito. Anajua fisi watamkuta kabla yake. Anajiuliza ana haki gani. Hatoi jibu la kujiosha.

Watu wasiokuwa na majina yao

Lakini hebu tuangalie nani yumo ndani ya gari.

Yumo M'Cola, mbeba bunduki, Mkamba, mzee mwenye upara. Ndiye mhusika bora wa kitabu kizima, kumzidi hata Hemingway mwenyewe. Ana msimamo, ana chuki zake ndogondogo, ana kicheko. Kuna sehemu inayosemwa sana, M'Cola anavyoangua kicheko kila fisi anapopigwa risasi. Kwake fisi ni kichekesho kitupu, mnyama mchafu anayekufa kwa vituko. Msomaji wa Kiswahili hapo hahitaji maelezo. Tumelelewa na fisi wa hadithi, fisi mlafi aliyefuata njia mbili hadi akapasuka msamba. Hemingway anakiona kicheko, anakieleza vizuri, lakini hajui kinatoka wapi. Anadhani ni cha M'Cola peke yake. Nyuma ya kicheko kile kuna bibi na moto wa jioni, na mwandishi hakuwa na namna ya kuwaona.

Yumo Charo, Mwislamu aliyeshika dini, ambaye Ramadhani nzima anafunga kwa ukali hata mate hamezi, na jua likikaribia kuzama anaonekana analitazama kwa hamu. Ni mistari michache tu, na ni mizuri sana. Ukiisoma unawaona watu wa mtaani kwako saa kumi na mbili kasoro, wamekaa barazani, kikombe cha uji kiko tayari, wanasikiliza adhana.

Halafu wanafuata wengine, na hapa ndipo pananikwama. Mmoja anaitwa Droopy kwa sababu kope zake zimelegea. Mmoja anaitwa Garrick, jina la mwigizaji wa zamani wa Uingereza, kwa sababu anapenda kujionyesha na kuvaa manyoya ya mbuni. Mmoja ni Mrumi, kwa sababu ya pua na namna ya kujifunga nguo. Mwingine ni Mndorobo tu, basi. Watu hawa ndio wanaosoma nyayo. Bila wao hakuna tandala, na bila tandala hakuna kitabu. Lakini hatujui mama zao waliwaitaje. Garrick ndiye anayeteseka zaidi, maana Hemingway anamchukia ukurasa kwa ukurasa kwa kosa la kuigiza. Nilipokuwa nasoma nilijiuliza: na Garrick naye jioni, akiwa amekaa na wenzake, alikuwa anamwigiza nani? Naweza kukuhakikishia hakuwa anamwigiza mwigizaji wa Uingereza.

Na Kiswahili chenyewe? Kimetawanywa humo kama chumvi: piga, kidogo, simba, bwana, “m'uzuri”, “doumi” akiwa na maana ya dume. Hafichi kwamba lugha inampiga chenga, na mara nyingine anajicheka. Lakini chunguza aina ya maneno. Ni ya kuamuru, ya kuhesabu, ya kusifu mnyama aliyekwisha kufa. Hakuna “pole” ya kweli. Hakuna “habari za nyumbani”. Kwa miezi yote ile walilala kambi moja na watu wazima wenye wake, mashamba na madeni, na kitabu hakina neno la kuwaulizia. Mtu anayejifunza Kiswahili kwa kitabu hiki ataweza kumwonyesha mwenzake simba, ila hataweza kumpa mkono wa rambirambi.

Tusimwonee lakini. Baada ya tandala kuuawa kuna namna ya kushikana vidole gumba, M'Cola na wenzake wanamshika Hemingway hivyo, wanavuta. Yeye anafurahi bila kujua maana yake, na baadaye anaambiwa kwamba ni jambo la kukaribia udugu. Nadhani hapo ndipo kitabu kinapofika mbali zaidi. Mtu amepewa heshima kwa lugha asiyoijua, na ameikumbuka vizuri kiasi cha kutufikishia. Ila aliyetoa heshima ile hakuandika. Hilo ndilo tatizo lote la vitabu hivi kwa sentensi moja.

Aliyekuwa safarini na akaandika

Au aliandika mwingine? Maana yupo mmoja, na inauma kwamba wapenzi wa vitabu mtandaoni hawamtaji.

Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli. Ni masimulizi ya watu wetu wenyewe, kwa Kiswahili chao. Humo kuna Sleman bin Mwenye Tshande anayesimulia safari ya bara. Na humo kuna Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896. Walikwenda wapi? Urusi na Siberia.

Fikiria hiyo. Miaka karibu arobaini kabla ya M'Cola kubeba bunduki ya Hemingway, mwenzake wa kazi, mtu aliyekwenda kwa sababu bwana anakwenda, alikuwa kwenye theluji anatazama Wazungu na watu wa nyika za huko kama wanavyotutazama sisi: wanakula nini, wanavaa nini, nyumba zao zikoje, baridi inafanya nini mwilini. Kila Hemingway anachokifanya Babati, Selim alikwisha kukifanya upande wa pili wa dunia, akiwa kwenye kiti cha M'Cola. Kiswahili chake hakina mbwembwe. Anaona, anasema. Anashangaa bila kudharau.

Ukisoma vitabu hivi viwili mfululizo, jambo moja linakuwa wazi. Kilichomnyamazisha M'Cola ndani ya Green Hills hakikuwa upungufu wa maneno. Hakuulizwa, hakupewa kalamu, na hakuwa na mchapishaji anayesubiri. Selim naye angepotea vilevile kama Velten asingekuwa na hamu ya lugha yetu, hata kama hamu hiyo ilikuwa sehemu ya kazi ya ukoloni.

Kuna wa karibu zaidi. Shaaban Robert, mtu wa Tanga yetu, mwaka ule Hemingway anapita alikuwa karani wa forodha. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini anasimulia uhamisho wa kwenda Mpwapwa akiwa na familia, na jinsi rangi ya ngozi ilivyoweza kuamua nani apande gari na nani angoje. Hiyo pia ni safari, na neno ni lile lile. Kwa Mmarekani lilikuja kumaanisha hema, bunduki na kreti za vinywaji. Kwa mtumishi wa serikali mweusi lilimaanisha cheti mkononi, mizigo chini, watoto wamechoka. Mwenye orodha ya vitabu vya safari bila hiki, orodha yake inachechemea.

Bonde lisilo na mtu

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Karibu na mwisho, gari linapita kijiji cha Wamasai. Vijana wanakimbia pembeni ya gari wanacheka, na Hemingway anawasifu kuliko watu wote aliowaona Afrika. Baada ya hapo wanaingia kwenye bonde la kijani, na anasema hiyo ndiyo nchi nzuri kuliko zote alizoziona barani. Anaifananisha na Hispania. Anaona ni nchi mpya, haijawindwa, haijaguswa. Anatamani kurudi akaishi. Kisha anawaza jambo la busara kabisa: kwamba bara huzeeka upesi wageni wakishafika, kwamba mgeni huharibu, na kwamba watu wake walishaifanyia Amerika hivyohivyo.

Kurasa hizi zinanukuliwa sana na wauza safari, kwa sababu ndizo zinazouza. “Isiyoguswa” ndilo neno ambalo kila anayepanga safari analipia.

Lakini kabla ya bonde, kitabu chenyewe kimetuonyesha kitu kingine, na wasomaji wengi wanakipita kama lile basi linavyoipita Korogwe. Njiani gari linakutana na watu wanaotembea, wamebeba vibuyu na vyombo vyao, wanaikimbia njaa. Hemingway anawaona. Anauliza. Anaandika. Kisha gari linaendelea kumtafuta palahala.

Mwanahistoria James Giblin aliandika kitabu kizima kuhusu kaskazini-mashariki ya Tanzania kati ya 1840 na 1940, kilitoka mwaka 1992, na moyo wake uko Handeni, Uzigua. Anachokieleza, nikikifupisha kwa ukatili, ni hiki. Wakulima na wafugaji wa huku walikuwa na njia zao za kuimudu nchi. Walifyeka, walichoma, walilisha ng'ombe, na mbung'o wakakaa mbali. Halafu ikaja sotoka ya miaka ya 1890 ikafagia mifugo. Zikaja kodi, vita, mazao ya biashara na kuondoka kwa watu kwenda kutafuta kibarua, na mashamba ya mkonge ya huku yalijazwa kwa vibarua kama hao. Njaa zikarudi mara kwa mara. Watu wakipungua, vichaka vinarudi, na mbung'o wanarudi na vichaka. Ng'ombe hawezi tena kukaa. Baada ya miaka anakuja mgeni, anaangalia pori, anasema: hapa hapajawahi kuguswa.

Sisemi bonde lile lilikuwa shamba la Mzigua. Lilikuwa upande wa Wamasai, na Hemingway hakuweka ramani. Ninachosema ni kwamba mwaka 1934, kwenye njia ile, upweke wa nchi na njaa ya watu havikuwa mambo mawili. Mwandishi aliviweka ndani ya kitabu kimoja bila kuviunganisha. Alikuwa na macho makali kuliko karibu kila mtu wa kizazi chake, akaona vyote viwili, na uzi wa kuviunga ukawa mikononi mwake. Hakuufunga. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa la kitabu, zaidi ya majina ya utani, maana ni kosa la uandishi wenyewe: ametazama vizuri, akaacha kufikiri pale ambapo fikra ingemharibia furaha.

Utaniambia, ndugu yangu, unamhukumu mtu wa 1935 kwa vitabu vya 1992. Ni hoja nzuri. Ila tazama yaliyotokea njia ileile karibuni.

Tangu Juni 2022, familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa kijiji cha Msomera. Msomera iko wapi? Wilaya ya Handeni. Ngorongoro iliundwa mwaka 1959 kwa sharti kwamba wanyama na wafugaji wataishi pamoja. Serikali inasema watu na mifugo wameongezeka kupita uwezo wa eneo, na kwamba wanaohama wanahama kwa hiari, wanapewa nyumba na ardhi. Watetezi wa haki na baadhi ya wakazi wanasema hiari hiyo ina mkono nyuma yake, kwamba huduma zilipungua kule walikotoka hadi kubaki kukawa kugumu. Na Msomera nayo haikuwa tupu. Walikuwepo watu kabla ya nyumba mpya. Mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba duara limefungwa mahali pa ajabu. Wajukuu wa wale vijana waliokimbia wakicheka pembeni ya gari, wapo waliohamia karibu na barabara ileile, ili mahali pengine paonekane zaidi kama bonde la Hemingway.

Na barabara yenyewe? Handeni, Kibirashi, Kijungu, Kibaya. Siku hizi inatajwa kwa sababu ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ambalo linapita Handeni na Korogwe. Bara huzeeka wageni wakifika, alisema. Hakukosea. Alisahau tu kuwauliza wenyeji umri wao.

Basi tukisome?

Tukisome, tena kwa makini. Simpendi msomaji anayekitupa kitabu kwa sababu kina dhambi za zama zake. Akifanya hivyo kabati lake litabaki na kamusi. Green Hills kina sentensi safi, kina wivu wa kweli, kina M'Cola. Mtu anayepanga kuja mbugani atajifunza humo kitu ambacho matangazo hayamwambii: kwamba safari nyingi ni kungoja, kukosea, kupata jua la utosi na kugombana na uliokuja nao.

Ila asikisome peke yake. Kama ningeulizwa kupanga safari ya kusoma, ningeipanga hivi. Aanze na Selim bin Abakari, ili ajue kwamba na sisi tumewahi kutazama. Afuate Shaaban Robert, ili neno safari lirudi kwenye uzito wake. Kisha Green Hills. Amalize na Gurnah, kwenye Paradise ya 1994 au Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kwa sababu humo msafara wa kwenda bara unapangwa na watu wa pwani wenyewe, una mnyapara, wapagazi na deni, na kijana Yusuf anayebebwa nao ana jina, hofu na ndoto. Gurnah anatuonyesha pia kwamba kutazamwa na watu wetu hakumfanyi mtu wa bara awe salama. Misafara ile nayo ilimwona “mshenzi” kila mahali. Hilo ni somo letu, na halihitaji Mzungu.

Baada ya hapo nabaki na ombi. Huko Mto wa Mbu, Karatu, Same na hata hapa Korogwe kuna wazee waliopika kwenye kambi, walioendesha magari ya wageni, waliosoma nyayo. Wanasimulia barazani, tunacheka, tunaondoka. Tuna riwaya za siasa, za mjini, za uchawi na za mapenzi, nyingine bora sana. Riwaya ya mpishi wa kambi, aliyoiandika mtu anayejua kwamba mpishi ana jina, ndiyo ninayoingoja. Kama babu yako ni mmoja wao, kaa naye na simu yako ukirekodi. Muulize waliwaitaje wale wageni wakiwa hawasikii. Lazima walikuwa na majina yao ya utani, na bila shaka yalikuwa makali kuliko Droopy.

Nirudi kwenye lile lori bovu la ukurasa wa kwanza, linalopita barabarani kwa kelele na kumharibia mwindaji jioni yake. Wasomaji wote tumefundishwa kuwa ndani ya kibanda, tumebana pumzi pamoja na Hemingway, tunalilaani lori. Nimekisoma kitabu hiki mara mbili. Mara ya kwanza nililaani na mimi. Mara ya pili nilijikuta barabarani, nimekaa juu ya mizigo, nimeshika chuma kisichoshikika, naenda zangu Handeni, na sina habari kwamba kichakani kuna mtu ananichukia kwa kupita kwenye barabara yangu.